RAM kubwa au RAM ya kasi? Ulinganisho kwa kazi za kila siku

Tuchukue laptopu mbili zinazolingana kila kitu isipokuwa RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu zilizofunguliwa huweka data zake. Ya kwanza ina RAM ya GB 8 aina ya DDR5 yenye kasi ya 5600 MT/s (mihamisho milioni 5600 ya data kwa sekunde). Ya pili ina GB 16 za DDR4, kizazi kilichotangulia, zenye kasi ya 3200 MT/s. Kwa mtu anayefungua kivinjari chenye vichupo ishirini, hati mbili tatu, jedwali la hesabu na mkutano wa video, vyote kwa pamoja, ya pili ndiyo ya kuchukua. RAM ya ile ya kwanza hupitisha data mara 1.75 zaidi kwa kila chaneli (njia ya data kati ya prosesa na RAM), lakini kasi hiyo haitamfaa kitu pindi GB 8 zitakapojaa.

Zikiwa zote mbili na GB 16, hoja inabadilika. Ikiwa unacheza michezo kwa grafiksi iliyomo ndani ya prosesa, inabadilika zaidi. Ndiyo maana swali la ukubwa au kasi halijibiwi kwa neno moja, ila mpangilio wa kufikiri ni uleule kila mara: kwanza GB za kutosha, pili chaneli mbili, tatu kasi, na CL (muda ambao RAM husubiri kabla ya kutoa data) mwisho kabisa. Neno la kushika hapo ni "za kutosha". GB zikishatosha, kuziongeza hakuifanyi kompyuta iende mbio zaidi kwa kiasi utakachokihisi.

## Kwa nini ukubwa unatangulia

Prosesa ikihitaji data iliyomo kwenye RAM huipata baada ya nanosekunde 70 hadi 100 hivi. Data hiyohiyo ikiwa imehamishiwa kwenye SSD ya NVMe (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), prosesa hungoja maikrosekunde 50 hadi 100, yaani takriban mara elfu moja zaidi. Ikiwa imehamishiwa kwenye diski ngumu ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huchukua kama milisekunde 10 kufika mahali pake, na hapo tunazungumzia mara laki moja. Sasa weka pembeni faida ya kutoka DDR4-2666 kwenda DDR4-3200: asilimia 20 ya data zaidi kwa sekunde, tena pale tu ambapo programu inaihitaji. Asilimia 20 haiwezi kushindana na mara elfu.

RAM haijai ghafla na kompyuta ikazimika. Maji yanapoanza kuzidi unga, mfumo hujitetea kwa hatua. Windows, tangu toleo la 10 la mwaka 2015, kwanza hubana data ya programu ambazo hazijaguswa kwa muda ili ichukue nafasi ndogo ndani ya RAM yenyewe. macOS hufanya hivyo tangu 2013, na baadhi ya Linux za sasa hutumia zram kwa kazi hiyohiyo. Kubana kusipotosha, data huhamishiwa kwenye diski. Kwenye Windows inaandikwa katika faili linaloitwa `pagefile.sys`.

Mtumiaji huiona hatua hii ya mwisho hivi: anarudi kwenye kichupo alichokiacha saa moja iliyopita, ukurasa unabaki mweupe kwa sekunde mbili tatu, kishale cha panya kinarukaruka, na herufi anazoandika zinatokea kwa mkupuo badala ya moja moja. Taa ya diski, kama kompyuta inayo, inawaka bila kupumzika. Kwenye SSD hali hiyo hupita haraka, wengine hata hawaitambui. Kwenye diski ya kuzunguka kompyuta inaweza kuganda nusu dakika nzima. Kwa hiyo mwenye GB 8 na diski ya kuzunguka aanze na SSD kabla ya kugusa RAM. Mwenye GB 4 anahitaji vyote viwili.

## Pima kabla ya kununua

Fungua programu zote unazozitumia siku yenye kazi nyingi, ziache zifanye kazi kwa muda, kisha angalia.

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, halafu Memory. Namba zenye maana ni hizi:

- In use ni RAM inayotumika sasa. Ikikaa juu ya asilimia 85 kwa muda mrefu, umekaribia ukingo.
- Available ni inayoweza kutolewa mara moja kwa programu mpya. Ikishuka chini ya GB 1, uzito utauona.
- Committed huandikwa kama namba mbili, mfano 11.4/18.2. Ya kushoto ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, ya kulia ni RAM pamoja na faili la kwenye diski. Ikiwa una GB 8 na namba ya kushoto haishuki chini ya 11, unahitaji GB 16. Kuzidi kidogo si dharura, kwa sababu programu huomba nafasi nyingine ambayo haziigusi.
- Cached usiihesabu kama matumizi. Hiyo ni RAM iliyokaa bure ambayo mfumo umeiazima kuhifadhia mafaili yaliyosomwa karibuni, nayo hurudishwa papo hapo ikihitajika.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi, hasa kwenye Linux, ambako amri ya `free -h` huonyesha safu ya "free" ikiwa karibu sifuri na mtu akadhani RAM imekwisha. Soma safu ya "available". Kisha andika `vmstat 1` na utazame safu za si na so: zikibaki sifuri wakati unafanya kazi, hakuna data inayohamishwa kwenda na kurudi diski, na RAM yako inatosha. Kwenye Mac fungua Activity Monitor, upande wa Memory, uangalie grafu ya Memory Pressure. Kijani maana yake tulia, hata kama namba ya juu inaonekana kubwa. Njano ya kudumu au nyekundu ndiyo ya kushughulikia.

Jambo jingine la kukagua, kwenye ukurasa uleule wa Memory wa Windows, ni Hardware reserved, yaani RAM iliyotengwa kwa ajili ya vifaa. Grafiksi iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, huchukua ya mfumo. Kwenye laptopu kadhaa zenye prosesa za AMD sehemu hiyo huwa GB 0.5 hadi 2 zinazotengwa tangu kompyuta inapowaka. Ndiyo sababu laptopu iliyouzwa kama ya GB 8 inaweza kukuonyesha GB 6 tu za kutumia. Baadhi ya BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) huruhusu kuipunguza, nyingine zimeificha kabisa.

## Namba za kasi zinasema nini

Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha RAM, tuseme 3200, ni mihamisho milioni 3200 kwa sekunde. Kila mhamisho hubeba baiti 8, hivyo 3200 × 8 ni MB 25,600 kwa sekunde, au GB 25.6. Ndiyo maana kibandiko hichohicho wakati mwingine huandikwa PC4-25600. Watu wengi huiita MHz. Saa yenyewe hupiga nusu ya hapo, ila mazoea yameshika mizizi na hayana madhara.

CL ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data iliyoombwa. Peke yake haina maana, kwa kuwa pigo la RAM ya kasi ni fupi. Ili kuipata kwa nanosekunde, zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa MT/s.

| RAM | CL | Kusubiri (ns) | GB kwa sekunde, chaneli moja |
|---|---|---|---|
| DDR3-1600 | 11 | 13.75 | 12.8 |
| DDR4-2400 | 17 | 14.2 | 19.2 |
| DDR4-3200 | 22 | 13.75 | 25.6 |
| DDR4-3200 | 16 | 10 | 25.6 |
| DDR5-4800 | 40 | 16.7 | 38.4 |
| DDR5-5600 | 46 | 16.4 | 44.8 |
| DDR5-6000 | 30 | 10 | 48 |

Ukitazama safu ya tatu utaona kwamba tangu DDR3, muda wa kusubiri umebaki palepale. Kilichokua ni kiasi cha data. Basi ni kazi zipi zinazohitaji kiasi hicho? Picha moja ya video ya 4K, ikishafunguliwa kutoka kwenye mbano wake, ni pikseli 3840 × 2160 zenye baiti 4 kila moja, yaani MB 33. Kwa picha 30 kila sekunde ni karibu GB 1 kwa sekunde. Hata ikisomwa na kuandikwa mara tatu nne njiani, chaneli moja ya DDR4-2400 ina nafasi tele. Kuandika barua, kusoma PDF na kuhesabu mishahara kwenye jedwali havifiki hata hapo.

Sababu nyingine ni kwamba prosesa haiendi kwenye RAM kila mara. Ndani yake kuna kashe, tabaka tatu za kumbukumbu ndogo zenye kasi kubwa, na kazi za kawaida hupata sehemu kubwa ya data yake humo. Prosesa yenye kashe kubwa hutegemea zaidi data iliyo ndani ya kashe kuliko kasi ya RAM iliyo nje. AMD Ryzen 7 5800X3D, yenye MB 96 za tabaka la tatu, ilipata sifa kwa wachezaji wa michezo kwa sababu hiyo hasa: mtu aliyeiwekea RAM ya wastani hakupoteza mengi.

## Chaneli mbili: faida inayosahaulika

Hapa ndipo penye pesa nyingi zinazopotea bila mwenyewe kujua. Prosesa nyingi za laptopu na za mezani zina chaneli mbili za kuongea na RAM. Kipande kimoja cha GB 16 hutumia chaneli moja. Vipande viwili vya GB 8 hutumia zote mbili, na kiasi cha data huwa maradufu: DDR4-3200 inatoka GB 25.6 hadi 51.2 kwa sekunde. Kwenye kompyuta ileile, kuongeza MT/s kwa kawaida hakutoi faida ya aina hiyo.

Kwa kivinjari na hati, tofauti haionekani kwa macho. Kwa grafiksi iliyomo ndani ya prosesa inaonekana wazi, maana grafiksi hiyo inagombea RAM ileile na prosesa. Mchezo uliokuwa ukikwamakwama kwa kipande kimoja unaweza kuanza kuchezeka ukiongeza cha pili. Intel yenyewe imeweka sharti: laptopu yenye grafiksi ya Iris Xe ikiwa na chaneli moja tu, Windows huitaja kama UHD ya kawaida. Ukiona jina hilo kwenye mashine iliyouzwa kama Iris Xe, kabla ya kumlaumu muuzaji fungua kifuniko uone kama sloti ya pili iko tupu.

Vipande si lazima vilingane ukubwa. Ukiwa na GB 8 ndani na ukaongeza GB 16, mifumo mingi huoanisha GB 8 za kila upande na kuziendesha kwa chaneli mbili, kisha GB 8 zinazobaki huenda kwa chaneli moja. Unapata GB 24, na kwa kazi za kila siku huo ni mpango mzuri kuliko kutupa kipande cha zamani.

Tahadhari kwa DDR5: kipande kimoja kina njia mbili za biti 32 ndani yake. Baadhi ya programu za ukaguzi huandika "2 x 32-bit" na mtu akafurahi kwamba ana chaneli mbili. Hana. Chaneli mbili kamili kwenye DDR5 huonekana kama "4 x 32-bit".

## Kazi kwa kazi

Kivinjari. Ukubwa ndio unaoamua. Ukurasa wa maandishi matupu huchukua makumi ya MB, barua pepe au ramani MB 200 hadi 500, na kichupo cha mtandao wa kijamii kilichoachwa wazi siku nzima kinaweza kupita GB 1. Kwenye Chrome bonyeza Shift+Esc uone kila kichupo na kila kiendelezi kinakula kiasi gani. Mara nyingi mkosaji ni kiendelezi kimoja ambacho hata hukumbuki kukiweka. Chrome na Edge zina mpangilio wa kulaza vichupo visivyotumika. Unaokoa GB kadhaa, kwa gharama ya ukurasa kupakuliwa upya ukiurudia, pamoja na fomu uliyoijaza nusu kupotea mara mojamoja. Windows 11 yenyewe ikitulia huchukua GB 3 hadi 4, hivyo kati ya GB 8 unabakiwa na nusu. GB 16 ni kiwango cha kukaa kwa raha.

Ofisi. Hati na mawasilisho hayasumbui. Majedwali makubwa ndiyo yenye mtego: Excel ya biti 32 ina kikomo cha GB 2 za nafasi ya kumbukumbu, au GB 4 kwa matoleo mapya yanayoendeshwa kwenye Windows ya biti 64, na italalamika kwamba kumbukumbu haitoshi hata kama umeweka GB 64. Nenda File, Account, kisha About Excel usome kama ni 32-bit. Ikiwa ndivyo, kuongeza RAM ni kutwanga maji kwenye kinu. Weka toleo la biti 64 kwanza.

Picha. Piga hesabu mwenyewe. Picha ya megapikseli 24 kwa rangi tatu za biti 16 ni milioni 24 × 6, yaani MB 144 kwa tabaka moja. Tabaka kumi ni GB 1.4, bado historia ya kutendua, bado picha nyingine mbili zilizo wazi. GB 16 zinatosha kwa anayerekebisha picha moja moja, 32 kwa anayeunganisha panorama. Kasi hapa ni jambo dogo.

Video. Kuhariri 1080p, GB 16. Kuhariri 4K yenye tabaka na athari, GB 32. Muda wa kutoa faili la mwisho hutegemea prosesa na kadi ya grafiksi. Kubadilisha kasi ya RAM hukupa asilimia chache tu.

Michezo. Kwenye kompyuta yenye kadi yake ya grafiksi, GB 16 bado zinabeba michezo mingi, na 32 zinasaidia kwa ile mizito au kwa anayerusha matangazo huku akicheza. Kasi ya RAM huonekana pale prosesa inapokuwa ndiyo kikwazo: kwa azimio la chini na skrini ya picha nyingi kwa sekunde. Cheza 4K, na kadi ya grafiksi itazidiwa muda mrefu kabla ya RAM. Kwenye prosesa za AMD Ryzen zinazokaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM5, DDR5-6000 CL30 ndipo wengi wanapotua, na kupanda juu ya hapo hakulipi.

Programu na mashine pepe. Kila mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, hudai GB ulizoigawia, haijali kasi. WSL2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, huruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM yote bila kukuuliza; ukitaka kuibana, andika `memory=6GB` chini ya `[wsl2]` ndani ya faili la `.wslconfig`. Anza na GB 32.

Kubana mafaili. 7-Zip ni mojawapo ya programu chache za kawaida ambazo kweli hunufaika na RAM yenye kusubiri kufupi. Kama unabana mafaili mara moja kwa wiki, sahau.

Modeli za akili mnemba zinazoendeshwa kwenye kompyuta yako. Hii ndiyo kazi mpya ambapo kasi inatawala, ilimradi modeli imeenea ndani ya RAM. Kila kipande cha neno kinachotolewa hulazimu modeli nzima kusomwa. Modeli ya GB 4.5 kwenye DDR4-3200 ya chaneli mbili: 51.2 ÷ 4.5, haiwezi kuzidi vipande 11 kwa sekunde. Ondoa kipande kimoja cha RAM na kikomo kinashuka hadi 5 na ushei.

## DDR4 au DDR5

Kwenye kompyuta uliyo nayo hakuna cha kuchagua: ubao mama umeshaamua, na mwanya uliokatwa kwenye kipande umewekwa mahali tofauti ili kisiingie pasipo pake. Mwanya usiolingana usilazimishwe. Soketi ya AM4 ni DDR4 pekee, AM5 ni DDR5 pekee. Ni kwenye soketi ya LGA1700 ya Intel, kizazi cha 12 hadi 14, unapokuta mbao mama za aina zote mbili. Huko, kwa mtu wa ofisi mwenye vipande vya DDR4 tayari, kuhamia DDR5 hakumpi kitu atakachokihisi. Anayenunua kila kitu kipya achukue DDR5, kwa sababu atakachotaka kuongeza baadaye kitakuwa cha aina hiyo.

## Pale mambo yanapoharibika

Laptopu nyembamba nyingi, pamoja na Mac zote zenye chipu za M, RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao au pamoja na chipu yenyewe. Haiongezwi. Katika mashine ya namna hiyo nunua GB za miaka yote utakayokaa nayo. Apple yenyewe iliipandisha MacBook Air hadi kuanzia GB 16 Oktoba 2024. Kabla ya kulipia laptopu yoyote, tafuta kwenye maelezo yake kama ina sloti, ngapi, na kikomo ni GB ngapi.

Kwa vipande vya laptopu, DDR3 ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262. Kwa vya mezani ni 240 kwa DDR3 na 288 kwa zote mbili za baadaye, ila mianya haifanani. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L 1.35, laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa DDR3L haziwaki ukiziwekea ya 1.5. Na ukiona vipande vya GB 32 vinauzwa kwa bei ya kutupa, soma kibandiko. Vikiandikwa RDIMM, au vikiwa na herufi R baada ya namba ya kasi, ni vya seva. Kompyuta ya kawaida haitawaka navyo.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa umeme, tenganisha betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma tupu. Shika kipande kwa kingo, usiguse pini za dhahabu. Kwenye laptopu kiingize kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi mpaka pini zikaribie kutoonekana, kisha kilaze mpaka vibanio vyote viwili vilie. Kibanio kimoja kikilia na kingine kikanyamaza, hakijaingia. Kwenye ubao mama wenye sloti nne, vipande viwili hukaa kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Kompyuta ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa. Inajipima na RAM mpya. Wengi hukata umeme hapo wakidhani wameiua, na kuilazimisha ianze upya. Iache.

Kisha kuna kosa linaloongoza kwa wanaonunua RAM ya kasi: kuilipia na kutoiwasha. RAM ya 6000 huanza kwa kasi ya msingi, mara nyingi 4800, mpaka uingie BIOS na kuwasha XMP kwenye Intel au EXPO kwenye AMD, ndiyo mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya kipande cha RAM. Hakiki kwa PowerShell:

`Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, Speed, ConfiguredClockSpeed`

Safu ya ConfiguredClockSpeed ndiyo kasi inayotumika sasa hivi. Ukichanganya kipande cha 3200 na cha 2666, vyote vitakwenda 2666, na hilo lisikunyime usingizi: GB 8 za ziada zina thamani kubwa kuliko zile 534 ulizopoteza. Jihadhari zaidi na kujaza sloti zote nne za DDR5. Kwa Ryzen 7000, AMD inaruhusu rasmi 5200 kwa vipande viwili, lakini kwa vinne inashuka hadi 3600. Ukitaka GB 64, nunua viwili vya 32.

Ukishamaliza, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi mpaka ikamilishe mzunguko mzima. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Kosa moja tu laweza kujitokeza baadaye kama skrini ya bluu yenye ujumbe tofauti kila siku, faili la zip linalogoma kufunguka, au usakinishaji unaokwama bila sababu. Likitokea, zima XMP ujaribu tena. Likitoweka, RAM ni nzima ila kasi hiyo haiiwezi, basi shusha hatua moja. Likibaki, jaribu kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile, halafu kilekile kwenye sloti nyingine, ndipo utajua kibovu ni kipande au ni sloti.

## Na simu je?

Kwenye simu kasi ya RAM huji­chagulii, imekuja na chipu. Angalia GB tu, na usihesabu ile "8+8" ya kwenye tangazo kama 16. Nane za pili ni sehemu ya hifadhi ya simu inayotumika kama faili la ubadilishanaji, na hifadhi hiyo iko mbali sana na RAM kwa kasi. Kwenye simu ya GB 4 iache ikiwa imewashwa, itazuia baadhi ya programu kufungwa nyuma. Kwenye ya GB 8 unaweza kuizima katika mipangilio na ukajirudishia nafasi ya picha.